Acheni Kutuandikia "Msitu Mnene"

Nimesoma hadithi nyingi za vijana wenzangu mwaka huu, nyingine zikiwa bado kwenye madaftari ya shule, na kuna msitu mmoja umenichosha. Mnaujua. Ni ule "msitu mnene wenye miti mirefu" ambamo mhusika hupotea ukurasa wa pili. Giza ni totoro. Simba ananguruma. Nyoka ananing'inia kwenye tawi kama kamba ya kuanikia nguo. Mti hauna jina, ndege hana jina, na ukimwuliza mwandishi msitu wenyewe uko wapi anakutazama kana kwamba umemwomba nambari ya siri ya simu yake.

Simba msituni, jamani! Simba ni mnyama wa nyasi na mahali peupe. Huyu wa kwenye hadithi zetu ametoka kwenye katuni, na msitu wake umetoka kwenye katuni hiyo hiyo. Na mwandishi mwenyewe anakaa Kisauni, au Likoni, au Changamwe. Safari ya kama kilomita 100 tu kutoka kwake pana msitu wa kweli, Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki nzima. Hajawahi kuingia. Amepita ubavuni mwake mara ishirini akienda Malindi, amelala kwenye kiti cha matatu, mdomo wazi.

Hoja yangu nitaisema mapema, anayetaka kukasirika aanze sasa. Kijana wa mjini anayetaka kuandika msitu aende akalale humo. Na asiende peke yake na kalamu kama nabii, wala na marafiki watatu na spika ya kupigia muziki. Aende na watu wa nyumbani kwao: mama, shangazi, wadogo zake, yule mjomba mwenye gari bovu. Hema waazime. Sufuria watoke nayo jikoni. Asiyetaka kwenda na atuandikie lifti, foleni na mapenzi ya simu, mambo anayoyajua, wala hatutamdharau. Lakini msitu atuachie.

Nilipoyasema haya kwenye kikao chetu cha kusomeana kazi, nilichekwa. "Kulala hemani? Hayo mambo ya wazungu." Mwingine akasema: babu yangu alihama porini ili mimi nisilale chini, leo unaniambia nirudi nikalipie? Huyu wa pili nitamrudia, maana hoja yake ina uzito. Wa kwanza nammaliza hapa hapa.

Neno hema tumelipata kwa Waarabu, karne nyingi kabla mtalii wa kwanza hajashuka Moi International. Kambi, kwa Wagiriama, ndio wazee wa baraza la kaya walivyoitwa. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilijaa Waswahili waliopiga kambi miezi kwa miezi, wakapika, wakagombana, wakazika wenzao njiani, wakarudi wakasimulia. Na baadhi ya masimulizi hayo tunayo. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na waliosimulia humo ni watu wetu. Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara. Salim bin Abakari anasimulia alivyofika Urusi na Siberia mwaka 1896. Siberia! Haya, basi: nathari ya Kiswahili ya nyakati zile ina mtu aliyekwenda mpaka kwenye barafu na kurudi na habari zake, na wewe mwandishi wa leo unaogopa Gede kwa sababu kuna mbu.

Kwa hiyo tusiwasingizie wazungu. Dharau ya msitu tunayo sisi wenyewe, na ni kongwe. Watu wa miji ya pwani waliwaita Wamijikenda "Wanyika", watu wa nyika, na hawakuwa wakiwasifu. Mji ulikuwa ustaarabu. Chochote kilichokuwa nyuma ya minazi kilikuwa ushenzi. Mimi nikisoma "msitu mnene" wa hadithi zenu nasikia sauti ile ile. Msitu ni mahali pasipo na watu, pasipo na sheria, pasipo na historia, na mhusika akitoka humo ndipo maisha yake yanapoanza.

Pasipo na watu? Hebu tutazame. Kaya za Wamijikenda zilikuwa miji iliyofichwa ndani ya misitu, yenye malango na njia zake na mahali pa kuzikia, tangu karne ya 16, na watu waliendelea kukaa humo, wakipungua pole pole, hadi miaka ya 1940. Misitu 11 kati ya hiyo, iliyotawanyika kwenye mwambao wa kama kilomita 200, iliandikishwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Ilibaki misitu kwa nini, wakati ardhi yote ya kandokando ilifyekwa? Kwa sababu wazee walikataza kukata. Marufuku yalitangulia, ndipo miti ikabaki. Anayeandika kwamba msitu hauna sheria angeanza kwa kumwuliza mzee wa kaya ni nini hakiruhusiwi, na ataishiwa na karatasi.

Na Gedi je? Mji wa Waswahili, nyumba za mawe, msikiti wa Ijumaa, jumba la mfalme, visima, vyoo vya ndani, vigae vya sahani za Kichina ardhini. Watu waliuhama karne ya 17, msitu ukaingia sebuleni. Leo mizizi imekumbatia kuta na kima wanakaa mihrabuni. Uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2024, na ukisimama pale huwezi kusema mji unaishia wapi na msitu unaanzia wapi. Mimi nadhani hiyo ndiyo picha ya pwani yetu. Sijasoma kijana hata mmoja aliyeiandika.

Kuna waliouelewa msitu kutushinda, na walikuwa maadui zetu. Mekatilili wa Menza alipowaapisha Wagiriama dhidi ya kodi na kazi ya kulazimishwa mwaka 1913, aliwaapishia Kaya Fungo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliilipua kaya hiyo kwa baruti. Fikiria. Mtu hapotezi baruti kwenye "msitu mnene wenye miti mirefu". Walijua wanalipua bunge.

Sasa safari yenyewe, msije mkasema nahubiri nisichokifanya. Agosti, shule zimefungwa, upepo wa kusi bado una ubaridi wake. Tulikuwa saba ndani ya Probox ya mjomba, gari la watu watano, na buti imejaa: mkeka, mahema mawili ya kuazima (moja halina vigingi), jiko la mkaa, madumu mawili ya maji, unga, dagaa, nazi sita. Tulitoka Mombasa kabla ya jua kuchomoza. Mtwapa, Vipingo na makonge yake yaliyopangwa kama askari, daraja la Kilifi ambapo watoto waliamka kuangalia maji, kisha barabara inanyooka na upande wa kushoto unakuja ukuta wa kijani ambao hauishi. Wadogo zangu waliuliza, "Hilo shamba la nani?" Wana miaka kumi na mmoja na kumi na minne. Hawajui kwamba kuna ardhi isiyo shamba la mtu.

Kuna lango moja, sitalitaja, tulilosimama njiani siku hizo tatu, na pale askari alichungulia ndani ya gari, akahesabu vichwa, akauliza kwa upole kabisa: "Mgeni yuko wapi?" Hatukumwelewa. "Mgeni. Mzungu wenu." Mjomba akamjibu kwamba mzungu hatukuja naye, tumekuja na shangazi. Askari akacheka, tukacheka, tukalipa ada ya raia, tukapita. Lakini mama yangu alikaa kimya mwendo mrefu baada ya hapo. Kisha akasema, "Kwa hiyo sisi tukiingia peke yetu tunaonekana tumekuja kuiba kuni." Hakuna aliyemjibu.

Shangazi ndiye niliyetaka kumfikia. Ni dada mkubwa wa baba, amezaliwa upande wa Ganze, mjini amekaa miaka thelathini akiuza mahamri, na kwa miaka hiyo yote mimi nilimjua kama mtu wa mahamri. Alikuja shingo upande. Alipoona tunapiga hema alisimama kiunoni mikono akauliza mbona tunajifunga kwenye mfuko kama viazi. Yeye alitandika mkeka nje chini ya chandarua kilichofungwa kwenye tawi, na usiku ule, sisi tukitoka jasho ndani ya nailoni, yeye ndiye aliyekoroma.

Kulipokucha tukatembea na mwongozaji, kijana wa pale pale. Hapa ndipo naomba mnisikilize, nyie wa "msitu mnene". Msitu ule ni misitu mitatu. Upande wa mashariki ni mchanganyiko, miti ya kila aina imebanana. Unatembea, ghafla udongo unakuwa mchanga mweupe, na msitu unafunguka: miti imeachana, jua linafika chini, unaona mbali. Hiyo ni mirihi. Unaendelea, mchanga unageuka udongo mwekundu, na mara unaingia kwenye vichaka vizito, vigumu, vya mti ambao wataalamu wanauita Cynometra, na joto linakuja juu yako kama blanketi. Dereva wa lori angeweza kukuambia udongo umebadilika. Mwandishi wetu angesema tu kwamba "waliendelea kutembea msituni".

Ndani ya vichaka hivyo vyekundu anaishi bundi mdogo, kimo chake hakifiki upana wa ukurasa wa gazeti hili, aliyepewa jina na wataalamu mwaka 1966 tu. Duniani hana makao mengi: msitu huu na majirani zake, na vilima vya chini vya Usambara Mashariki. Mwongozaji alituonyesha wawili wamelala mchana kwenye tawi la chini, wamebanana, mmoja rangi ya kijivu, mwingine wekundu wa kutu. Spishi ni moja. Watoto walidhani ni majani makavu hadi jani moja lilipofungua jicho. Baadaye sange alikatiza njia, yule mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu (samahani, mhariri, lakini ndivyo alivyo), akatuacha tunacheka. Na mwandishi mwenzangu anatuletea simba!

Sasa shangazi. Alikuwa nyuma, ananung'unika kuhusu viatu. Tulipofika kwenye mirihi akanyamaza. Akaweka kiganja kwenye gome. Kisha akaanza kusema, si kwetu hasa, kwamba huu ni mrihi, kwamba karibu na mvua za vuli unatoa majani mekundu kama shaba kabla hayajawa kijani, kwamba gome lake mzee wao alilitumia kwa mizinga ya nyuki. Ule kule mbambakofi; akainama akaokota mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu, akampa mdogo wangu. Ule muhuhu, ndio wachongaji wanaotaka, ukikatwa unanukia. Akaenda hivyo mti kwa mti. Mingine aliitaja kwa Kigiriama na mwongozaji akaitikia, mingine wakabishana. Mmoja aliutaja kwa kile unachoponya na akakataa kutuambia jina, akasema hilo halisemwi mbele ya watoto. Niliandika majina kumi na manne asubuhi ile. Miaka thelathini mama huyu alikuwa jikoni kwetu na majina haya kichwani, na hakuna aliyemwuliza, kwa sababu mjini hakuna mti wa kumwulizia.

Hii ndiyo sababu nasema nendeni na familia. Mwongozaji atakutajia ndege, na Mungu ambariki, ni kazi yake. Lakini shangazi alinitajia mrihi pamoja na baba yake, na nyuki zake, na njaa ya mwaka fulani walipokula mizizi ya kichaka fulani, na mchumba mmoja ambaye baba yangu mwenyewe hakuwahi kumsikia. Jina lilikuja na hadithi imeshikamana nalo kama udongo kwenye muhogo. Sisi kwenye vikundi vyetu tunalia kila siku kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha, tunachukua ya Kiingereza tunayaviringisha. Maneno yapo. Yamekaa kwenye vichwa vya watu wenye miaka sabini, na hayatoki mpaka mwenyewe auone mti. Nimejaribu kumwuliza shangazi sebuleni, na picha kwenye simu. Alisema, "Huo ni mti tu."

Kuna jambo zito siwezi kuliruka. Mama wa rafiki yangu alipokataa mwanawe asije nasi, alisema neno moja: Shakahola. Ni kweli, tangu mwaka 2023, zilipofukuliwa maiti zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, kwenye vichaka vya ranchi ya Chakama magharibi mwa Malindi, ukitaja msitu Kilifi watu wanateremsha sauti. Sitamcheka mzazi huyo. Ila nataka tuseme wazi kwamba vile vichaka havikumshindisha mtu na njaa. Walioua ni watu, kwa mahubiri, na waliweza kwa muda mrefu kwa sababu pale palikuwa "porini", na mambo ya porini mjini hatuyaulizi. Kijana akiandika tena hadithi ambayo msitu wenyewe ni muuaji, anawafuta wauaji halisi. Anawafuta na waliokufa pia, maana wale walikuwa na majina, na walikwenda kule kwa matatu kama mimi na wewe.

Sasa nimrudie yule wa pili, aliyesema babu alihama porini ili yeye asilale chini. Bwana, una haki. Na nitakuongezea silaha. Msitu unaoupenda ukiwa na hema na nazi sita, mwenye shamba kandokando yake ameamka usiku kupiga debe kufukuza tembo kwenye mahindi, mpaka ulipowekwa uzio wa umeme. Anayeambiwa asiokote kuni ni yeye. Msitu ulipotangazwa kuwa wa serikali enzi za mkoloni, hakuna aliyemwuliza babu yake. Kwa hiyo sitaki, tena sitaki kabisa, kijana atoke Nairobi kwa treni, alale siku mbili Gede, kisha atuletee shairi la msitu kama mama mpole anayetulisha wote. Huo ni "msitu mnene" ule ule, umepakwa rangi ya kijani.

Lakini angalia: hayo yote niliyokuongezea nimeyapata wapi? Kwa kulala pale. Kwa mzee aliyetuuzia mihogo akakaa kunywa chai akatueleza. Pale Gede pana mradi unaoitwa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanafuga vipepeo vya msitu ule, na mabuu yakishajifunga, vifukofuko vinauzwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho. Mkulima anayefuga kipepeo anautaka msitu usimame, kwa sababu bila msitu hana mbegu. Jirani yake asiyefuga anautaka ufyekwe apande mahindi. Hao ni majirani wawili, ua mmoja, na msitu katikati ya ugomvi wao. Ukishindwa kutoa riwaya hapo, ndugu yangu, kafanye biashara ya mitumba.

Na kuna la fedha. Eti kambi ni anasa. Familia zetu za mjini zikipata pesa ya Desemba zinakwenda wapi? Ufukweni, chumba cha watu wawili wanalala sita, soda bei mara tatu, picha kwenye bwawa la kuogelea wakati bahari iko mita hamsini. Sisemi ni dhambi. Nasema msiniambie hamna pesa. Safari yetu ya siku tatu, petroli tukichangia, ilitoka kwa chini ya usiku mmoja wa hoteli ile. Asiye na mjomba mwenye Probox, matatu za Malindi zinapita Gede, ashuke pale pale.

Kusini nako mnasahau. Vuka Likoni, panda Kwale, una Shimba Hills, ambako ndiko mahali pekee Kenya utakapomwona palahala, na ukisimama ukingoni asubuhi unaiona bahari kutoka juu ya ukungu. Shuka Diani, nyuma ya hoteli zote zile kuna Kaya Kinondo, kama hekta 30 tu. Wadigo wanaruhusu wageni kuingia, kulala hapana. Utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, utavua kofia, hutabusu mtu, hutaokota hata jani. Wadogo zangu tuliwapeleka mwezi uliofuata. Mmoja aliokota ganda la konokono akaambiwa alirudishe pale pale alipolitoa, si hatua moja pembeni. Alitafuta mahali penyewe kwa dakika kumi, na mzee akasubiri bila kusema neno. Mkisha waone hilo, nitajieni "msitu usio na sheria".

Jirani na Kinondo, kisiwa cha Chale, nacho kilikuwa kaya. Miaka ya 1990 kilijengwa hoteli. Kaya nyingine zilianza kutangazwa rasmi kuwa mali ya kuhifadhiwa mwaka 1992, na bado zimemegwa na zinamegwa. Na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, pale mikoko ya Mida inapokutana na bahari, waliandamana kupinga mpango wa kujengewa kinu cha nyuklia karibu nao, na polisi wakawakabili. Nilingoja kwenye vikundi vyetu. Hadithi moja, shairi moja, hata utani. Wiki ile kikao chetu kilijadili kama tutumie "wewe" au "we" kwenye mazungumzo ya wahusika. Mazungumzo mazuri, sikatai. Lakini mtu hawezi kutetea asichoweza kukitaja, na sisi tulioshika kalamu ndio tulio na majina machache zaidi.

Najua nitajibiwa, na nafasi ya kunijibu ipo kwenye gazeti hili hili. Atakayejibu naomba aanze kwa kutaja miti mitano ya pwani ambayo haizai tunda la kuuzwa sokoni. Mitano tu. Mwembe hatuhesabu, mnazi hatuhesabu, mkorosho hatuhesabu. Mwarobaini ni mgeni, aliletwa, naye hatumhesabu.

Kwa walio tayari: hema lisilo na vigingi liko kwangu, na mjomba anasema Probox imepona. Vuli ikikaribia, mirihi inatoa majani mekundu. Mama ameshasema anakwenda, na safari hii anataka yeye ndiye akae mbele tukifika langoni.